Tii Kwanza

Waraka wa uhamisho ulimfika Mwanasiti siku ya Jumatano asubuhi, naye yuko chumbani anazalisha. Tarishi wa boma la Pangani alivuka mto, akapiga baiskeli kupita Mwera mpaka Kipandeni, jasho linamchuruzika, na alipofika zahanati akaambiwa angoje barazani. Akangoja. Tangu Mwanasiti awe mkunga wa serikali pale, hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti cha chumba kile, awe tarishi, awe mume, awe nani. Alipotoka, kichanga kishalia naye keshanawa mikono, alitia sahihi kwenye daftari la tarishi kwa ule mwandiko wake wa kuringa, akafungua bahasha palepale. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini neno Manyoni halihitaji mkalimani. Alipewa siku kumi na nne awe amekwisha kuripoti huko.

Wanawake waliokuwa wakingoja dawa wakaulizana Manyoni ni wapi. Wakaambiwa Ugogoni, bara ya bara, safari ya siku tatu kwa basi na garimoshi. Mmoja akashika kichwa. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, na Kipandeni mtu akienda Korogwe tu watu humsindikiza.

Sasa, kisa cha waraka ule kilijulikana na kila mtu mpaka kuku. Miezi mitatu nyuma aliletwa dresa mpya awe mkuu wa zahanati, Fanueli, kijana wa milimani, Usambaa huko, mchapakazi, safi, sina neno naye. Ila alikuja na kanuni zake mfukoni, na moja ilisema mkuu wa zahanati akague vyumba vyote saa yoyote. Siku moja akataka kukagua chumba cha kuzalia na mama wa watu yumo kitandani, hana hata kanga. Mwanasiti akasimama mlangoni. Fanueli akamsomea kanuni. Mwanasiti akamjibu kwamba hata yeye anazo za kwake, na zilianza kabla serikali haijavuka bahari kuja huku. Basi Fanueli akaandika ripoti kuwa mkunga hatii, na wakubwa, ambao Kipandeni hawajaiona hata kwenye ramani, wakaona dawa ya mkunga asiyetii ni kumtupa Ugogoni akaone. Hakuna aliyemwita kumuuliza ilikuwaje.

Lakini si Manyoni iliyomtia Mwanasiti baridi ya mifupa. Alikuwa na mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Asmahani, miaka sita kasoro, ulimi mwepesi. Baba yake ni Kombo, mnunuzi wa mbata wa Pangani mjini, aliyemwacha Mwanasiti mtoto akiwa wa miaka miwili, akaoa mke mwingine. Mtoto alibaki kwa mama kama ilivyo katika dini: mama ndiye mlezi, maadamu hajaolewa na mume mwingine. Kwa ajili hiyo Mwanasiti alikwisha kukataa wachumba watatu, na mmoja wao ana minazi mia nne, si mchezo. Mama akiwa kazini, Asmahani hukaa kwenye ngazi ya zahanati akimngoja, na kila kichanga kinapolia mle ndani huwatangazia wapita njia kwamba mama yake kapata mwingine. Watu wakicheka, naye hununa, maana yeye hakuwa akifanya mzaha.

Ila sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ile ile iliyompa mama mtoto ilisema pia kwamba mama akihama, akienda kukaa nchi ya mbali, baba anayo haki ya kumchukua mwanawe asije akapotewa na ukoo wake. Safari ya kwenda na kurudi haidhuru kitu. Kuhama ndiko kunakovunja. Na Kombo alikwisha kusema, mbele ya watu na kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi yake, kwamba siku Mwanasiti atakapovuka mto na mizigo, Asmahani atalala kwa baba yake. Hakusema kwa uadui, tusimsingizie. Alimpenda mtoto kweli kweli.

Mwinyijuma, kakake Mwanasiti, alimwambia aache kazi, yaishe. Ni rahisi kusema. Mwinyijuma mwenyewe alikuwa na watoto sita na kijishamba cha mihogo, na mama yao, Bi Mwatumu, macho yalikwisha kuzimika, alikula kwa Mwanasiti. Aache kazi wale nini? Na tuseme kweli, palikuwa na kiburi pia. Mwanasiti alijua amedhulumiwa, na mtu aliyedhulumiwa, halafu anajua kusoma, kumtuliza ni kazi. Akavaa buibui lake, akavuka mto, akapanda basi mpaka Tanga kumtafuta wakili Esmail.

Esmail alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake cha mtaani Ngamiani hasa, ofisi yake juu ya duka la vitambaa la nduguye. Alimsikiliza bila kumkata kauli. Akasoma waraka, akateremsha kitabu kinene cha kanuni za watumishi, akapekua, akapekua, mwisho akatabasamu peke yake. Alisema humu ndani imeandikwa kuwa mtumishi asihamishwe kwa kuadhibiwa mpaka kwanza asikilizwe, na Mwanasiti hakusikilizwa na mtu. Kesi hii, alisema, inasimama kwa miguu yake yenyewe. Mwanasiti akashusha pumzi, akauliza basi yeye arudi Kipandeni akangoje hukumu?

Hapo wakili akatikisa kichwa.

"Ukikataa kwenda watakufukuza kwa ukaidi," alisema, "na aliyefukuzwa hana uhamisho wa kupinga. Tii kwanza, Bi Mwanasiti, ndipo ulalamike. Nenda Manyoni, ripoti kazini, tia sahihi yako. Mimi huku nafungua kesi. Jaji anakuja Tanga mwezi wa saba."

"Na mtoto wangu?"

"Mwache kwa bibi yake. Miezi miwili, mitatu, umerudi."

Esmail alikuwa wakili wa sheria za serikali, na alizijua. Za kadhi hakuulizwa, na yeye hakuuliza. Mwanasiti alirudi Kipandeni moyo umepoa kidogo, akamweleza mamake kwamba ni safari tu.

Bi Mwatumu alikuwa mtu wa zamani. Alisikia yote, ya jaji na ya mwezi wa saba, akasema ni vyema, lakini bara ni bara, na mtu haendi bara bila kutaka radhi za watu. Kufa hakungoji jaji. Akamwambia mwanawe apite nyumba kwa nyumba, hasa zile ambazo walipata kukwaruzana, wahalalishiane. Mwanasiti hakubisha. Mkunga ameona wangapi wakimfia mkononi, wengine wameingia na miguu yao wanacheka? Radhi kama hiyo, ya kupita mlango kwa mlango, huitaka mtu anayekwenda Hija, au anayehama asirudi. Alilijua hilo. Lakini alilelewa hivyo, na mama kasema.

Basi siku mbili nzima alizunguka Kipandeni. Kila baraza alipofika alivua viatu, akakaa chini, akasema maneno yale yale: "Nimekaa nanyi, nimekula vyenu, huenda nimewakosea kwa ulimi au kwa jicho. Nihalalishieni." Wakamhalalishia, na wao wakataka awahalalishie, na wanawake wakalia, maana hakuna nyumba ambayo hakuzalisha. Mmoja kampa mkeka, mwingine mkate wa kumimina, mwingine nazi kumi, kana kwamba Ugogoni hawali. Alirudisha kinu alichokuwa amekiazima kwa jirani tangu mwaka jana, na chano, na kibuyu. Mtu hasafiri na kitu cha mtu.

Na siku ya kuondoka, alipopita Pangani mjini, alikwenda na kwa Kombo. Ndiyo, kwa Kombo. Aliyekupa talaka ndiye wa kwanza kumtaka radhi, ndivyo tulivyofunzwa. Alimkuta dukani na makarai ya mizani yake, akamwambia yale yale aliyowaambia wengine, na Kombo akainuka kwenye kiti, akamjibu kwa adabu kwamba kwake yeye hana la kumdai, kamsamehe dunia na akhera, na yeye amsamehe. Waliagana vizuri kuliko walivyopata kuishi. Mke wa Kombo akamletea maji ya kunywa.

Asmahani alikwisha kumwacha ngazini kwa bibi yake. Alimwambia mama anakwenda kazini, atakuja. Mtoto akauliza kama ni kazi ya usiku au ya mchana, na Mwanasiti akasema ni ya mchana, michana mingi kidogo.

Manyoni sitawachosha nayo. Vumbi jekundu, maji ya ndoo moja kwa siku, upepo unaopiga milango mchana kutwa. Mwanasiti aliripoti, akatia sahihi, akapewa chumba pamoja na muuguzi mmoja wa Kikatoliki, Praxeda, mtu wa vicheko na moyo mweupe. Kazi ilikuwa ile ile. Wanawake wa Kigogo wakishikwa na uchungu hushika shingo ya mkunga kama wanawake wa pwani. Kwa hilo hakupata shida. Shida ilikuwa jioni, Praxeda akitoka kwenda kusali, naye amebaki anahesabu siku za kufika mwezi wa saba.

Mwezi wa saba ukaja, jaji hakuja. Esmail aliandika kwamba jaji amepata homa, kesi zote za Tanga zimesogezwa mpaka mwezi wa kumi na moja, na kwamba subira yavuta heri. Barua ya pili ilikuja mwezi wa tisa, na hiyo ilitoka kwa Mwinyijuma. Mwanasiti aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

Kombo, alipoona miezi imepita mama hajarudi, alikwenda kwa kadhi. Alidai mtoto wake, kwa kuwa mama amehama. Mwinyijuma alisimama badala ya dada yake, akaeleza kuwa hajahama, ni kazi tu, iko kesi Tanga. Kadhi akamuuliza karatasi ya hiyo kesi iko wapi. Iko kwa wakili. Wakili yuko wapi? Yuko Tanga. Kadhi alikuwa mtu wa haki, hakukimbilia. Alisema hebu tuwasikie majirani.

Wakaitwa watu sita wa Kipandeni, wanawake wanne na wanaume wawili, wote wale ambao Mwanasiti aliwazalishia watoto au wajukuu. Hawakutaka kuja, walikuja kwa sababu wameitwa. Kadhi akawauliza huyu bibi aliwaaga vipi. Wakasema alitutaka radhi, tukahalalishiana. Je, aliwaambia atarudi lini? Wakatazamana. Hakusema. Nani anayetaka radhi halafu akataja siku ya kurudi, kana kwamba ameagana na Mungu? Bibi mwenye kinu alipoulizwa kama kuna jambo jingine, alilia kwanza, halafu akasema alimrudishia na kinu. Wangeweza kudanganya, kumsaidia. Lakini msahafu uko mbele yao, na watu wale walikuwa wale wale waliomfunza Mwanasiti kutaka radhi. Hawakuwa na elimu ya kusema uongo. Na Kombo mwenyewe aliapa kwamba alijiwa dukani na kuagwa.

Mwinyijuma akasema basi mtoto abaki kwa bibi yake mzaa mama, maana dini imempa zamu ya pili. Kadhi akamtazama Bi Mwatumu amekaa pale, mkono umeshikilia bega la mjukuu, akamuuliza kwa upole kama anaiona rangi ya nguo aliyovaa yule mtoto. Bi Mwatumu akaipapasa nguo kwa vidole. Basi kadhi akahukumu kwamba mama amehama, na mtoto aende kwa baba. Asiyekuwapo na lake halipo. Siku ile ile Asmahani alilala Pangani mjini.

Mwanasiti alitoa sanduku chini ya kitanda, akaanza kutupia nguo. Alikuwa katikati ya kufunga kamba ilipokuja simu ya maandishi ya Esmail, ambaye naye alikwisha kupata habari. Ilikuwa ya maneno machache: asiondoke kituoni bila ruhusa, akiondoka kesi imekufa, avumilie mpaka mwezi wa kumi na moja. Alikaa juu ya sanduku na ile karatasi mkononi. Praxeda akaichukua, akaisoma, akaiweka mezani.

"Dada," alisema Praxeda, "kesi itakungoja. Mtoto hangoji."

"Nikirudi hivi, sina kazi, Kombo atasema hata chakula sina cha kumpa," alisema Mwanasiti. "Nikirudi na hukumu, nimerudi kwangu. Hakuna wa kunipokonya."

Mwanasiti alifungua kamba, akakunjua nguo moja moja, akazirudisha msumarini. Nimeisikia hadithi hii kwa watu wengi, na kila mtu akifika hapa hupiga ulimi na kusema mimi ningekwenda. Labda. Wao hawakuambiwa na wakili kwamba haki yao iko wiki nane tu mbele. Yeye alilia usiku ule mpaka asubuhi, na saa moja akaingia zamu.

Mwezi wa kumi na moja jaji alikuja Tanga, akasikiliza kesi mbili za mauaji, muda wake ukaisha. Kesi ya Mwanasiti ikasogezwa mpaka mwezi wa pili. Mwezi wa pili wakili wa serikali akaomba nafasi ajiandae, akapewa. Mwinyijuma aliandika kuwa Asmahani hajambo, kanenepa, anasoma chuo cha Kurani, na mke wa Kombo amejifungua mtoto wa kiume ambaye Asmahani ndiye anayembembeleza. Aliandika hayo kumpoza dada yake. Hakujua anachofanya.

Mwishowe, mwezi wa nne mwaka wa hamsini na sita, Mwanasiti aliitwa Tanga. Alisimama kizimbani na buibui lake, akaulizwa kama aliitwa na mkubwa yeyote kujieleza kabla ya kuhamishwa. Akasema hakuitwa. Wakili wa serikali alizungumza muda mrefu juu ya utii. Esmail alizungumza kidogo, akasoma ile kanuni, akakaa. Jaji, mzee wa Kizungu mwenye kikohozi, alisema kuwa serikali ina haki ya kumpeleka mtumishi wake popote, ila haina haki ya kumwadhibu mtu gizani halafu ikaiita adhabu hiyo uhamisho. Waraka ule ni batili. Mkunga arudi kituoni kwake.

Esmail alifurahi mpaka akampeleka nyumbani kwa mkewe, Khatijabai, wakamlisha halua. Alimpa nakala ya hukumu yenye muhuri mwekundu. Alimwonya pia, kwa kuwa alikuwa mkweli, kwamba hukumu hii si ngao ya milele. Wakitaka wanaweza kumwita, wamsikilize sawasawa, halafu wamhamishe. Mwanasiti alisema amesikia. Kwa kweli hakusikia kitu. Alikuwa amekwisha kufika Pangani moyoni.

Kipandeni walimpokea kwa vigelegele. Fanueli hakuwapo, naye alikwisha kuhamishiwa kwingine, hakupinga wala hakuuliza, alifunga mizigo akaenda. Mwanasiti hakukaa hata kunywa maji. Alimbusu mamake mkono, akamchukua Mwinyijuma, na kesho yake asubuhi, watu wamefunga, maana Ramadhani ilikuwa imeingia, wakawa mbele ya kadhi.

Kadhi alimkaribisha vizuri. Alisomewa hukumu, neno kwa neno, na karani wake ajuaye Kiingereza. Akasema alhamdulillahi, sasa mambo yamekuwa wazi: huyu bibi hakuhama, alihamishwa, na kuhamishwa kwenyewe kumebatilika. Kizuizi kimeondoka, haki yake ya ulezi imerudi. Mwanasiti aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mwaka mzima hakupata kuvuta pumzi kama ile.

Kombo alikuwa amekaa upande wa pili na mkewe, mtoto mchanga mapajani. Akaomba ruhusa ya kusema. Alisema kwa sauti yake ile ya chini kwamba haki ya mama haipingi, ila Asmahani alizaliwa mwezi wa Shaabani, na Shaabani hii iliyopita ametimiza saba.

Mwanasiti akasema hapana, bado. Kwenye cheti cha serikali alizaliwa mwezi wa sita wa Kizungu, na sasa ndio kwanza wa nne. Kadhi akaguna kwa huzuni. "Bibi," alisema, "hapa tunahesabu kwa mwezi wa mbinguni. Kwa hesabu hiyo ana saba na siku zake."

Maana yake Mwanasiti hakuhitaji kuelezwa. Binti wa chuoni, aliijua. Kwa madhehebu ya Shafii, mtoto akifika miaka saba, akawa anapambanua, haamuliwi tena na mtu. Huulizwa mwenyewe anamtaka nani. Ile kesi ingeamuliwa mwezi wa pili, wakili wa serikali asingeomba nafasi ya kujiandaa, mtoto angekuwa wa miaka sita na angekabidhiwa mama bila kuulizwa lolote. Mwanasiti aliupiga mkeka kwa kiganja mara moja, akajizuia.

Asmahani akaletwa. Alikuwa amerefuka. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, na nywele zimesukwa kwa mtindo ambao Mwanasiti hakuujua. Alivaa gauni jipya la maua na kilemba kidogo cha chuoni. Mama yake alimfungulia mikono, na mtoto akaja moja kwa moja, hakusita, akauchukua mkono wa kulia wa Mwanasiti akaubusu, akasema, "Shikamoo." Halafu akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima, kama afunzwavyo mtoto mwenye adabu mbele ya wageni.

Mwanasiti aliitikia marahaba. Mikono yake ilibaki wazi, akaikunja polepole.

Kadhi alimketisha mtoto karibu naye. Akamwambia asiogope, hakuna atakayemkasirikia. Huyu ni mama yake, huyu ni baba yake, wote wanampenda, na aseme anataka kukaa kwa nani. Asmahani aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama Mwanasiti zaidi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu ngumu. Kisha akauliza, si kwa kununa, kwa kutaka kujua tu:

"Utakwenda tena?"

Mwinyijuma alimtazama dada yake, na Mwanasiti akayakumbuka maneno ya Esmail ambayo hakuyasikiliza. Kweli ilikuwa kwamba hajui. Kwamba leo yuko, na waraka mwingine unaweza kuja na tarishi mwingine, umeandikwa vizuri zaidi. Msahafu ulikuwa pale pale kwenye kiti chake cha mbao. Alitoa ile hukumu yenye muhuri mwekundu kwenye buibui, akaiweka chini.

"Siendi tena, mwanangu," alisema. "Kazi ya serikali naiacha leo. Bwana Kadhi shahidi. Sina pa kwenda tena."

Mwinyijuma alifumba macho. Mwaka mzima wa Manyoni, na wakili, na jaji, na machozi, vyote vilikuwa kwa ajili ya kazi hiyo na mtoto huyu, viwili pamoja. Na dada yake amekitupa kimoja mbele ya watu, katika muda wa kumeza mate.

Asmahani alisikiliza, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Uso ukamkunjuka. Mtoto mchanga akaanza kulia mapajani kwa mke wa Kombo, na Asmahani akageuka haraka, akaenda akampokea, akamweka begani kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akampigapiga mgongo mpaka akanyamaza. Halafu, bado amemshika, akamgeukia mama yake.

"Vizuri," alisema. "Basi uwe unakuja kututazama. Njoo Ijumaa, hatuna chuo."

Kadhi akainamisha kichwa, akachukua kalamu. Kombo hakutazama mtu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mlango uko wazi, siku yoyote, saa yoyote, na machozi yalimtoka na yeye, haki ya Mungu, wote waliokuwapo waliyaona. Mwanasiti alikuwa akimtazama mtoto, jinsi anavyokishikilia kichwa cha mdogo wake kwa kiganja, kama anavyokishikilia mkunga.

"Inshallah, mwanangu," alisema. "Ijumaa nitakuja."